Anayerithi nyumba anarithi na deni

Karibu sisi wote tumekwisha kukaa ku matanga. Siku ile ya mwisho, wakati wa kuondoa matanga, kabla watu hawajatawanyika, mkubwa wa jamaa anasimama katikati ya kiwanja na kuuliza maneno mawili. La kwanza: "Nani iko na deni ya marehemu?" La pili: "Na marehemu, iko na deni ya nani?" Hapo watu wananyamaza. Mmoja anainua mkono, anasema marehemu alinikopa mufuko wa bunga. Mwingine anasema miye njo nilimukopa franga, nitarudisha. Kisha pale tu ndipo wanaanza kuzungumuza juu ya nyumba, juu ya kiwanja, juu ya vyombo na nguo. Wazee wetu walijua kama mtu akitangulia kushika nyumba, masikio yake hayatasikia tena habari ya deni.

Miye ni mwalimu wa historia katika masomo ya sekondari hapa Lubumbashi. Siku hizi neno "urithi" liko katika kila kinywa. Tunalisikia ku radio, ku mikutano ya utamaduni, hata ku kanisa. Watu wanasema tuhifadhi urithi wa kartye zetu za zamani: viwanda vyake, mabare yake, pombe yake iliyosifiwa mpaka mbali. Ninakubali. Lakini ninataka tuulize mbele ya kartye zetu maneno yale mawili ya matanga. Sisi tunaorithi, tumekwisha kuhesabu deni, ao tumekimbilia nyumba tu?

1. Siku watoto walicheka

Mwaka mmoja shirika letu lilituomba sisi walimu kusaidia kutengeneza orodha ya vitu vya Kamalondo na Kenya vyenye kufaa kukumbukwa. Nikaona vema niwashirikishe wanafunzi wangu wa mwaka wa tano. Nikawaambia: kila mmoja aandike kitu kimoja tu, na aseme juu ya nini.

Kazi yao ilinifurahisha. Wengi waliandika shimini ya kiwanda cha shaba na kile kilima cheusi kando yake, juu ya sababu mtu akiviona kwa mbali anajua amefika kwao. Wengine waliandika kiwanda cha pombe ya Simba. Wengine uwanja wa mpira wa Kamalondo, wengine kanisa walimobatizwa. Kila mmoja alisimama na kusoma, wenzake wakapiga mikono.

Kisha akasimama binti mmoja anayekaa nyuma, mtoto mwenye adabu na asiyesema sana. Akasoma: "Pipa ya mama yangu." Darasa lote likacheka. Kijana mmoja akaita: "Mwalimu, ile haiko urithi, iko kosa!" Walijua wote ni pipa gani. Ni lile la kupikia lutuku.

Na miye nilifanya nini? Nilisema, "Mwenye kufuata." Basi. Binti akakaa, hakuinua tena kichwa mpaka kengele.

Usiku ule sikulala vizuri. Sikuwa na kisingizio cha kusema sikujua la kujibu. Nilijua sana. Miye pia nililelewa na pipa. Mama yangu alipika lutuku ku Kenya miaka mingi, na lile pipa njo lililipa minervale yangu mpaka nikapata diplome ya ualimu. Mwanafunzi alisema ukweli kwa sauti mbele ya watu makumi ine, na mwalimu wake, mwenye ukweli uleule nyumbani kwake, alitazama dirisha.

2. Kartye zetu zilitoka wapi

Kabla ya kuamua kama binti yule alikuwa na haki, tukumbuke namna kartye hizi zilivyozaliwa.

Shaba ya inchi hii haikuanza na Mzungu. Wazee wa zamani waliichimba, wakaiyeyusha katika matanuru ya udongo, wakatengeneza misalaba midogo iliyotembea katika biashara mpaka mbali. Lakini mji wenyewe ni wa juzi. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910, na mwaka uleule mji ukaanza, ukaitwa Elisabethville. Mwaka 1911 tanuru la kando ya mto Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza.

Mikono ilitoka wapi? Mwanzoni wengi walitoka ku Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, maana yake Zambia na Malawi za leo. Kisha wakaja watu wa Kasai, wa Maniema, wa Rwanda na Burundi, pamoja na wa Katanga yenyewe. Kila mmoja na lugha yake. Kiswahili njo kiliwaweka pamoja ku kazi, kisha ku soko, kisha ku nyumba. Kwa hiyo hata lugha ninayotumia kuandika maneno haya ni mtoto wa kiwanda. Anayesema viwanda havituhusu, alisema katika lugha gani?

Karibu na mwisho wa miaka ya 1920 kampuni iliona kwamba kubadilisha wafanyakazi kila mara ni hasara. Ikaanza kuwakalisha: mwanaume aje na muke wake, apewe nyumba ku kampi, apewe posho, watoto wasome, wagonjwa watunzwe. Wale wasiokuwa wa kampi walikaa ku kartye ya wenyeji iliyoitwa Albert, ambayo leo ni Kamalondo, na nyuma yake ikafuata Kenya. Kati ya kartye hizo na mji wa Wazungu uliachwa uwanja mutupu, ili watu wasichangamane. Mchana mtu mweusi aliuvuka kwenda ku kazi, jioni aliuvuka tena kurudi kwao.

Katika miaka ile ya 1920 njo kulianzishwa pia kiwanda cha pombe, Brasseries du Katanga, ambacho leo tunakijua kwa jina la Brasimba. Hapo ilitoka Simba, na kisha Tembo. Shaba ilileta watu, watu walileta kiu, na kiu ilileta kiwanda kingine.

Hizo ni mali tulizorithi. Sasa tuseme na deni. Tarehe 9 Desemba 1941, wakati wa vita kule Ulaya, wafanyakazi wa Union Minière waligoma kwa sababu mishahara haikutosha tena. Wakakusanyika ku uwanja wa mpira. Askari wakapiga risasi. Watu makumi wakafa, pamoja na Léonard Mpoyi aliyesema kwa niaba yao. Mwanafunzi wangu anapochora shimini na kuandika chini yake "fahari ya mji wetu," sitaki kumukataza. Ninataka tu ajue kwamba moshi ule ulikuwa na bei, na kwamba bei ililipwa na watu ambao wajukuu wao pengine wako katika darasa lake.

3. Nyungu mbili

Tuje ku pombe yenyewe. Watu wanasema: kiwanda ni ufundi, lakini mambo ya bamama ya nyuma ya nyumba ni ushamba. Neno hilo nimelisikia hata katika vinywa vya watu wenye kusoma. Tulipime.

Kiwandani wanachukua shayiri, wanailowesha, inaota. Ikianza kuota, ndani ya punje kunaamka vitu ambavyo watu wa kemia wanaviita enzimi. Kazi ya enzimi ni kukata wanga kuwa sukari. Wanaikausha shayiri ile, wanaisaga, wanaichanganya na maji ya moto, sukari inatoka. Wanaichemsha na maua machungu ya houblon, wanapoza, wanatia chachu, na chachu inageuza sukari kuwa pombe. Hayo yote yanahitaji kipimo cha joto, mashine, na injinia.

Sasa mutazame mama anayetengeneza munkoyo. Anapika uji muzito wa bunga ya mahindi. Anauacha upoe mpaka ukawa vuguvugu. Kisha anachukua mizizi ya mti wa munkoyo, ameiponda mpaka ikawa kama kamba-kamba, anaiingiza mule ndani. Asubuhi uji ule umekuwa mwepesi kama maji na mutamu. Nani aliutia sukari? Hakuna. Mizizi ile ina enzimi za namna moja na zile za shayiri iliyoota. Inakata wanga wa mahindi kuwa sukari. Akiuacha siku moja ao mbili tena, unaanza kuchachuka. Kipimo chake cha joto ni kidole: akiingiza mizizi wakati uji ungali moto sana, enzimi zinakufa na uji unabaki uji. Analijua hilo, na alifundishwa na mama yake, naye na mama yake.

Ninapofundisha jambo hili, ninawaambia wanafunzi: ufundi ni ule ule, kufungua wanga. Injinia wa kiwanda na mama wa munkoyo wakikaa meza moja, wataelewana haraka kuliko watu wanaowacheka.

Na tena tuangalie mila. Leo ukienda kuomba binti, karatasi ya mahari unayopewa ina makesi ya pombe ya chupa, imeandikwa wazi, na hakuna muzee anayeona haya. Zamani palikuwa nyungu. Kiwanda kiliingia mu kartye kama mugeni, leo kimekaa mu mila kama mwenye nyumba. Munkoyo yenyewe imebaki ku soko, mu bidoni, watu wanaikunywa na kusema ni ya kutuliza kiu tu. Sisemi ni vibaya. Mila yenye uzima inapokea wageni. Lakini asitokee mutu kutuambia kwamba ya chupa ni utamaduni na ya nyungu ni aibu, kwa sababu moja ina etiketi na nyingine haina.

4. Pipa ya mama

Munkoyo ni rahisi kuitetea. Lutuku ni neno lingine, na sitaki kukimbia.

Lutuku inatoka mu mahindi na mihogo. Mahindi yanaoteshwa, yanasagwa, yanachanganywa na maji na bunga ya mihogo, yanakaa siku kadhaa mpaka yachachuke. Kisha yanaingia mu pipa juu ya moto. Pombe inachemka mbele ya maji, kwenye digrii 78, kwa hiyo mvuke wake unatangulia. Unapita mu mupira ao mu bomba, bomba linapita mu maji ya baridi, mvuke unakuwa tena maji, unatiririka mu chupa, tone kwa tone. Bomba la mama yangu lilikuwa la shaba. Nilipokuwa mtoto sikufikiri neno lolote juu yake. Leo ninafikiri: shaba ya mji huu iliyotuletea baba zetu, njo ileile ilipita nyuma ya nyumba yetu na kutulisha.

Wakati wa ukoloni sheria ilikataza Mwafrika pombe kali, kuitengeneza na hata kuinywa. Wazee wanasimulia namna polisi walivyoingia mu viwanja, wakamwaga, wakavunja vyombo, wakapeleka bamama mu boloko. Mzungu alikunywa wiski yake ku serkle bila wasiwasi. Hivyo katazo lile lilikuwa na mambo mawili ndani yake, na mpaka leo tunayachanganya. Moja ni la kweli: kinywaji hiki kinaua. Lingine ni la uongo: kwamba kinaua watu weusi tu, na kwamba mama anayekipika ni mubaya kuliko mwenye duka la wiski. Hata kisha uhuru sheria haikuruhusu lutuku. Polisi walibadilika rangi, bamama waliendelea kukimbia.

Kisha ikaja miaka ya 1990. Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa. Uzalishaji wa shaba ulianguka, viwanda vikanyamaza, mishahara ikachelewa miezi juu ya miezi, franga zilipoteza thamani kati ya asubuhi na jioni. Atelye ya chuma ambamo baba yangu alikuwa akifanya kazi ilifungwa. Alirudi nyumbani na masanduku yake ya vyombo, akakaa ku kiti chini ya mwembe, akakaa sana. Mwaka 2003 Gécamines ilipoachisha wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa ile mpango iliyoitwa ya kuondoka kwa hiari, nyumba nyingi zilikuwa zimekwisha kujua mambo ambayo yetu ilijua mbele: baba ana jina la mkubwa wa nyumba, lakini mama njo anajua bukari ya jioni itatoka wapi.

Mama aliamka saa kumi ya usiku. Moshi wa pipa ulinigandama mu nguo, na ku masomo wenzangu waliziba pua. Siku moja nililia, nikamwambia sitarudi tena darasani. Akanijibu, bila kuacha kusukuma makala: "Soma. Hii pipa itakwisha siku moja. Masomo haitakwisha."

5. Wanaokataa

Nilipopeleka wazo langu kwa wenzangu walimu, kwamba lutuku pia iingie katika orodha, walinipinga, na ninataka kueleza hoja zao kwa haki.

Mmoja alisema: urithi ni kama sebule. Mugeni akija, unamuingiza mu sebule, haumuingizi mu jikoni. Tuonyeshe mazuri yetu. Nikamjibu: kama ni hivyo, shimini pia itoke, maana chini yake kuna damu ya 1941. Na kilima kile cheusi ni nini? Ni takataka za tanuru, masalio yaliyotupwa miaka mingi. Hata hivyo, tangu mwanzo wa miaka ya 2000 masalio yale yanachomwa tena, juu ndani yake kuna kobalti, na siku hizi wanatoa pia germanium, ambayo mataifa makubwa yanaitafuta. Wahandisi walirudia takataka na kuuliza: tulitupa nini humu? Sisi watu wa utamaduni tunashindwa nini kuuliza vilevile?

Mwingine, mwalimu wa biolojia, hoja yake ilikuwa nzito zaidi. Akasema: "Miye nilizika mukubwa yangu juu ya lutuku. Maini ilikwisha. Ukiandika ile kitu mu kitabu ya urithi, umeipa baraka. Watoto watasema mwalimu amekubali." Sikuwa na jibu siku ile. Ni mtu niliyemuheshimu, na kaburi si mfano wa kubishana nao.

Na upande mwingine kulikuwa na sauti moja iliyonivuta sana, nayo ilikuwa yangu mwenyewe. Ilisema: andika kwamba bamama wa lutuku walikuwa mashujaa, ukomee hapo. Wengi sasa wanaandika hivyo. Ni maneno matamu, na yana ukweli. Lakini ningekomea hapo, ningefanya sawa na jamaa linalouliza la kwanza ku matanga, likaruka la pili.

Maana kulikuwa na jirani. Sitataja jina lake. Alikuwa ajistere, fundi muzuri, mtu wa kucheka sana. Kazi yake ilipopunguka alianza kuja kwetu jioni, kisha mchana, kisha asubuhi. Franga kidogo alizopata ziliingia mu kitambaa cha mama yangu. Alikufa mu mwaka niliomaliza sekondari. Watoto wake wawili wakubwa waliacha masomo mbele ya kufika pale. Sasa muhesabu na miye: franga zile ziliacha kulipa minervale ya watoto wake, zikalipa yangu. Sisemi mama yangu alimuua. Kama si kwetu, angekwenda ku kiwanja cha pili. Ninasema tu kwamba diplome yangu ina deni, na ninajua nyumba ambamo deni hilo linakaa.

Mama alipofariki, ku kuondoa matanga, muzee wetu aliuliza maneno mawili kama desturi. Alipouliza la pili, mujane wa fundi yule alikuwa amekaa nyuma, ku mukeka, na kitambaa chake cha kichwa. Hakuinua mkono. Miye pia sikuinua. Ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kunyamaza. Ya darasani ilikuwa ya pili.

6. Kurithi ni kufanya nini?

Sasa ninaweza kusema ninavyofikiri. Makosa yetu yanatoka katika kuchukua urithi kama sifa. Tukichukua hivyo, kila kitu ni lazima kiwe kizuri ndipo kiingie, na yenye aibu yanabaki nje, pamoja na watu wake. Binti yule alibaki nje pamoja na pipa lake. Lakini katika mila zetu kurithi haijapata kuwa kupiga mikono. Aliyerithi jina la marehemu anaitwa mbele ya watu, anapewa vitu vyake, na kuanzia siku ile wenye kudai wanajua mulango wa kubisha. Mrithi ni mtu wa kujibu. Hatakiwi kusema marehemu alifanya vema katika yote. Anatakiwa kusema: miye njo wa kwake, mje kwangu.

Kwa jibu hilo hata mwenzangu wa biolojia anaweza kupata nafasi. Kuandika lutuku katika kitabu chetu si kuibariki. Tunaandika namna ilivyopikwa, nani aliipika na kwa nini, watoto wangapi walisoma kwa ajili yake, na mukubwa yake aliyelala kaburini. Yote katika ukurasa mmoja. Na kiwanda cha chupa kiandikwe vilevile: kazi zilizotoka mule, furaha za ndoa na za mpira, na pia mishahara iliyokwisha ku meza ya bare mbele ya kufika nyumbani. Tusiweke deni lote ku pipa la mama na sifa zote ku kiwanda. Ulevi hauna etiketi.

Hatuanzi sisi kazi hii. Mwaka 1965 André Yav, kwa ajili ya chama cha waliokuwa maboyi, aliandika historia ya mji huu katika Kiswahili cha hapa, kwa macho ya waliopikia na kufulia wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha Lubumbashi kiliendesha kazi iliyoitwa Mémoires de Lubumbashi, na wakaaji wa kawaida wakaulizwa kumbukumbu zao. Mwaka 2006 Sammy Baloji, mtoto wa mji huu, alitoa picha alimoweka wafanyakazi wa zamani, waliopigwa picha na wakoloni, ndani ya viwanda vilivyobomoka leo. Wanakutazama. Hawaombi sifa. Ni kama wanauliza la pili.

7. Nilivyorudi darasani

Bomba la shaba la mama ninalo mpaka sasa, limefungwa mu gunia. Juma lililofuata nililipeleka darasani. Nikaliweka ku meza na kusema: "Hii ilikuwa ya mama yangu. Ilinisomesha." Hakuna aliyecheka. Nikaeleza digrii 78, nikaeleza sheria ya ukoloni, nikaeleza miaka ya 1990. Kisha nikaeleza juu ya fundi, bila jina. Nikamuomba binti yule msamaha mbele ya wenzake, kwa kuwa mbele yao njo nilimuacha.

Yeye akainua mkono. Akauliza: "Mwalimu, na ule mama mujane, ulishaka kumuona?"

Nikajibu: "Bado."

Siku ya posho nilikwenda Kenya. Nilimukuta mama yule ameketi ku mulango, anachambua maharagi. Nilimwambia yote niliyoandika hapa, na kwamba tunatengeneza kitabu. Alinyamaza muda mrefu. Nilifikiri atanifukuza, ao atalia. Akasema: "Mama yako alikuwa na shida yake, na miye na yangu. Kama munaandika pipa, muandike na bwana yangu. Alikuwa fundi. Mashine mingi ya hapa ilipita mu mikono yake. Batu banakumbuka tu kikombe."

Basi ameingia katika orodha yetu, kwa jina lake lote, ku ukurasa mmoja na pipa: ajistere wa Kenya. Na mwaka huu wa masomo mjukuu wake mmoja yuko darasani kwangu. Minervale yake tunaijua, miye na nyanya yake.

Wapenzi wasomaji, orodha haijafungwa. Mwenye picha ya zamani, kadi ya kazi, chupa, mwiko wa munkoyo, ao hata pipa, alete. Tutamuuliza maneno mawili.